Ndimu haiponyeshi kolera: maswali yenye mnaniulizaka juu ya asidi ya ndimu

Mi ni muuguzi hapa Goma. Kila mara kolera ikipanda tunapokea wagonjwa wenye wanafika juu ya moto (pikipiki), macho imeingia ndani, sauti imekauka, na mwenye amemuleta anatuambia "tulikuwa tunamupatia ndimu tangu usiku". Tangu usiku! Jamani tuongee hii maneno.

Asidi ya ndimu njo nini?

Ni asidi sitriki, C6H8O7, njo inafanyaka ndimu iwe kali vile. Scheele, mukemia wa Sweden, aliitoa ndani ya maji ya ndimu mwaka 1784. Inahesabiwa kama asidi dhaifu juu haiachilie hidrojeni yake yote mara moja ndani ya maji, ila molekuli moja iko na 3 za kuachilia. Maji ya ndimu iko nayo karibu 5 ao 6 kwa mia. Na siyo vitamini C, ile ni asidi ingine.

Si wanasema asidi inaua kijidudu cha kolera?

Ndiyo, kile kijidudu hakipendi asidi. Lakini tumbo yako iko na asidi yake mwenyewe, asidi hidrokloriki, yenye kuwa kali kupita ile ya ndimu. Ukianza kuharisha, maana yake vijidudu vilishapita pale, viko chini ndani ya utumbo mdogo, na kule mwili unamwangaka bikaboneti yenye inavunja asidi yote yenye inashuka. Ndimu yako haifike kule ikiwa ingali asidi.

Kwa hiyo nikiharisha maji maji nikunywe ndimu ao hapana?

Hapana. Ndimu haiponyeshi kolera. Ndimu na chumvi, ndimu na majivu, ndimu na sijui nini, hapana. Mutu wa kolera anakufa juu ya maji na chumvi zenye zinatoka, mugonjwa mukubwa mwenye amezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa, sasa wewe unamukamulia ndimu mbili ndani ya kikombe na unangoja asubuhi, ile asubuhi anaweza kuwa hayuko tena.

Jirani yangu alikunywa akapona.

Alikuwa apone. Si kila kuharisha ni kolera, na hata wenye kolera wengi inawashikaka kidogo inaisha. Ndimu ikapewa sifa ya bure, na mwenye alizidiwa ndani ya nyumba ya pili akafuata mufano. Ile njo inaniumizaka.

Mbona juu ya pakiti ya SRO, ile poda ya kuchanganya na maji ya kunywesha mwenye anaharisha, wameandika sitreti?

Swali nzuri sana hii. Sitreti ni asidi sitriki yenye imeshaachilia zile hidrojeni 3 na kubeba sodiamu pa fasi yake, haiko kali tena, inakuwa chumvi. Mugonjwa wa kolera anapoteza bikaboneti mingi, damu yake inageuka kuwa na asidi kupita kiasi. Sitreti ikiingia mwilini inabadilishwa kuwa bikaboneti na inarudisha usawa. Ndani ya lita 1 ya SRO kuko sitreti ya sodiamu gramu 2.9, chumvi ya kawaida 2.6, kloridi ya potasiamu 1.5 na glukosi 13.5. Ni ile glukosi inasaidia utumbo kuvuta sodiamu, na maji inafuata. Ndimu haina ile hesabu. Na usiongeze ndimu ndani ya SRO, wala sukari ya ziada, iache vile iko.

Na kukamulia ndimu ndani ya bido ya maji ya ziwa?

Maji ya ziwa Kivu kule juu iko na pH (kipimo cha asidi, ikipita 7 maji haina asidi) karibu 9 na imejaa bikaboneti. Ndimu moja inatoa asidi kama gramu 2, ukiitia ndani ya lita 20 inamalizwa yote na ile bikaboneti, maji inabaki bila asidi, vijidudu viko salama kabisa. Tia kloru ungoje nusu saa, ao chemsha.

Tungoje muda gani mbele ya kwenda hospitali?

Musingoje! Kuharisha maji kama ya muchele, kutapika, misuli kukaza, mukojo kukosekana, ngozi ukiifinya inakawia kurudi: ni kutoka saa ile ile, hata ni saa nane ya usiku. Wamama, wababa, hapana kwanza ndimu.

SRO haiko nyumbani?

Maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo ya chumvi. Ni ya njiani, siyo ya kubaki nayo nyumbani.

Mutoto anatapika yote.

Ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kimoja, na titi usimukataze. Fanyeni vile mukiwa njiani, hata juu ya moto.