Je, wajua kwa nini mfupa uliookota ufukweni Mwanza huenda si kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe?

Ukipita kando ya ziwa jirani na soko la Mwaloni, Kirumba, ni rahisi kuokota kitu kidogo cha duara, kigumu, cheusi, kilichobonyea pande zote mbili na chenye pete ndogondogo. Kinaonekana cha kale kweli. Mara nyingi ni pingili ya uti wa mgongo wa sangara, na sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Hesabu mwenyewe umri wake.

Weusi usikudanganye. Mfupa ukizama kwenye tope hunywa rangi ya tope, basi. Kisukuku ni habari nyingine: maji ya ardhini hupenya vitundu vya mfupa yakiwa na madini, madini yakaganda humo, na polepole yakachukua hata nafasi ya mfupa wenyewe. Ndiyo maana kisukuku huwa kizito kuliko mfupa wa kawaida wa ukubwa uleule. Wapo wanaotumia sindano iliyopashwa moto: ikigusa mfupa usio wa zamani, hutoka harufu ya nywele zinazoungua, maana protini bado imo. Lakini mfupa uliopigwa na jua na mvua kwa muda mrefu unaweza usinuke na bado usiwe kisukuku, tena sindano huacha alama. Mimi naamini zaidi uzito, pamoja na lenzi. Tazama mahali palipovunjika. Mfupa, hata uliogeuka jiwe, huonyesha vile vitundu vya ndani. Jiwe lenye umbo la mfupa halina.

Na Mwanza mawe ya namna hiyo hayakosekani. Majabali yetu, Jiwe la Bismarck likiwamo, ni itale. Yaliganda kutoka uji wa moto chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla hajatokea mnyama yeyote mwenye mifupa. Humo hata ukipasua mwaka mzima hupati kisukuku.

Ng'ambo ya Kenya, kwenye kisiwa cha Rusinga, mambo ni tofauti kabisa ingawa ziwa ni lilelile. Volkano ya Kisingiri, ambayo sasa imezimika, ilimwaga majivu yenye chokaa nyingi yaliyofunika mizoga na mimea na kuihifadhi. Ni huko Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alikopata, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, jamaa wa kale wa sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita.

Ukiona kitu kizito chenye vitundu kimekwama kwenye udongo mgumu, usikichokoe. Kipige picha pamoja na sarafu ili ukubwa wake ujulikane, andika mahali kilipo, kisha toa taarifa serikalini. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda visukuku, na kuvichimba bila kibali ni kosa.