Pampu Haifi kwa Kukosa Semina

Nimelisikia tena wiki hii katika kikao hapa Mombasa: pampu za mkono huko kaunti ya Kwale zinakufa kwa sababu wanakijiji hawaoni kuwa ni mali yao, kwa hiyo waandaliwe semina ya uhamasishaji. Nimechoka nalo. Bomba likipasuka hapa mjini, mtaani Kisauni, nani huwaita wapangaji wa nyumba kwenye semina? Huitwa mafundi wa kampuni ya maji. Kwa nini mtu wa kijijini ndiye adaiwe mapenzi kwa chuma kabla hajapata maji?

Pampu ya mkono iitwayo Afridev ilijaribiwa huko huko Kwale miaka ya 1980, ikiundwa makusudi ili kijiji kiitengeneze chenyewe. Spana moja, pistoni, kile kipande kinachopandisha maji, inavutwa juu kwa rodi zake, mabomba yanabaki kisimani. Asubuhi ukipiga mkono wa pampu mara nyingi ndipo maji yaje, vali ya chini, inayozuia maji yasirudi kisimani, inavuja. Yakija kidogo kidogo kila pigo, raba ya pistoni imelika. Kina mama wanaoteka hutambua mapema kuliko fundi, maana mtungi wa lita 20 unachelewa kujaa. Ujuzi upo.

Raba yenyewe ndiyo haipo. Duka la kijijini lina misumari na mabati. Mtu apande bodaboda mpaka lami, kisha matatu, pengine avuke kwa feri ya Likoni hadi Mombasa aulize duka kwa duka, na nauli inaipita bei ya raba.

Halafu pesa, na hapa ndipo semina hazifiki kabisa. Masika ikinyesha watu hukinga maji ya bati, na vidimbwi na mito imejaa. Nani atoe shilingi tano pampuni? Vuli nayo ni vivyo hivyo. Kaskazi inapoanza kukausha kila kitu, foleni inarudi, mkono unapigwa tangu alfajiri hadi usiku, na raba iliyokuwa imechoka inamalizika wakati mfuko wa kamati ya maji ni mtupu, maana miezi ya mvua haikukusanywa kitu. Kama kuna akiba benki, watia sahihi ni watatu na mmoja ameshahamia mjini kutafuta kazi. Kama iko kwenye simu ya mwekahazina, ni rahisi kuitoa, lakini siku mwanawe akinunuliwa sare mpya ya shule maneno yanaanza. Mama huyo mwekahazina hana mshahara. Ametoka shambani, anakaa pale pampuni juani kukusanya pesa, anamwambia shemeji yake, "Shemeji, leo utalipa," na jioni watakula sinia moja. Akijiuzulu, ripoti huandika kwamba jamii haikujitolea.

Mimi nasema fundi alipwe. Kwale imeshakuwa na huduma ya namna hiyo, iliyozaliwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford: kijiji kinalipa kila mwezi, pampu ikiharibika fundi anakuja na vipuri vyake. Matengenezo ya haraka yanawezekana. Ila tusifichane, ada za vijiji peke yake hazitoshi kuendesha huduma hiyo, lazima pesa nyingine iingie. Katiba ya 2010 imetaja maji safi kuwa haki ya kila mtu na ikazipa kaunti huduma ya maji, kwa hiyo najua wa kumdai. Kama bajeti ya matengenezo itadumu uchaguzi hata uchaguzi, hapo nina mashaka.

Na kuna pampu ambazo hata fundi mwenye mshahara sijui atazisaidia vipi. Karibu na bahari baadhi ya visima vina chumvi, na vingine vina chuma tele: ukichemsha chai inageuka nyeusi, ukifua kanzu nyeupe inatoka na madoa ya kutu. Watu wanarudi kidimbwini, nasi tunaandika kwamba hawakuhamasishwa. Hapo kilichokosewa ni mahali pa kuchimba, na maji yalipaswa kupimwa kabla ya pampu kufungwa.