Kidole Gumba Hakipimi Tairi: Dhana Potofu za Wenye Hiace

Wiki iliyopita mwenye Hiace inayobeba abiria kati ya Mtwara na Masasi aliniletea matairi manne ya mtumba nimfungie, akachomeka kidole gumba katikati ya kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, na kuniambia, "Fundi, ona mwenyewe, hili halijatembea." Nililaza tairi chini, nikafuta vumbi ubavuni, na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile ya utambulisho wa tairi, zikasomeka 1413, yaani tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2013. Nilikataa kuyafunga, naye akaondoka amekasirika. Maneno kama hayo huyasikia karibu kila wiki, na abiria wanaopandishwa kwenye magari hayo hawana njia ya kujua wamekalia nini.

Dhana kwamba tairi lenye kashata nzima ni tairi zima ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Barabara huusugua mpira kwa nje, lakini oksijeni na joto huukausha hata kama tairi limetundikwa dukani miaka yote hiyo. Dawa ya kuzuia nyufa inayochanganywa kiwandani hujitokeza juu ya mpira pale tairi linapozunguka na kujikunja, kwa hiyo tairi lililokaa muda mrefu bila kutembea linaweza hata kupasuka ngozi mapema kuliko lile linalotumika. Ukilikandamiza tairi la namna hiyo kwa goti utaona, chini kabisa kati ya kashata na pembeni karibu na rimu, nyufa nyembamba kama unywele. Nyufa hizo ndizo zinazoonekana; zisizoonekana zimo kwenye mpira unaoshikilia matabaka ya nyaya za chuma, na huo ukishakauka, mwendo mkali pamoja na mzigo na lami ya saa nane mchana hutosha kuibandua kashata nzima kama ganda.

Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 na liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama kashata haijaisha. Kwa gari la abiria katika joto letu la pwani mimi huishia miaka 6, na sibadilishi msimamo huo kwa ajili ya mteja yeyote. Fahamu pia kwamba tarehe huandikwa mara nyingi upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ukifungwa kwa ndani utaitafuta usiione, hivyo mwambie muuzaji aligeuze kabla hujatoa fedha. Namba ikiishia na tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Halafu inama uangalie tairi la akiba linaloning'inia chini ya Hiace yako: kashata yake imekamilika kwa sababu halijawahi kugusa barabara, na mara nyingi ndilo zee kuliko yote uliyonayo.

Dhana ya pili ni kwamba tairi lenye mikato mingi midogo juu ya kashata ni "la mvua" na linafaa misimu yote. Mengi ya hayo ni matairi ya theluji yaliyotoka Japani, na ubavuni yameandikwa STUDLESS. Mpira wake umelainishwa ili ushike barabara baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 za sentigredi, hali ambayo Mtwara haiijui, na juu ya lami yetu huliwa upesi huku gari likiyumba kwenye kona. Alama ya M+S nayo ni tamko la mtengenezaji kuhusu tope na theluji, wala haisemi lolote kuhusu uzito ambao tairi linaweza kubeba.

Na uzito ndio unaopuuzwa na wanaosema kwamba tairi lolote la inchi 15 linaingia. Kuingia kwenye rimu linaingia. Tairi la gari dogo la 195/65R15 lenye namba ya uzito 91 ubavuni hubeba kilo 615, kwa hiyo manne hubeba kilo 2,460, na Hiace iliyojaa abiria, sembuse na magunia ya korosho juu yake, huvuka hapo kwa urahisi. Tairi la 195R15C lenye 106/104 hubeba kilo 950 kila moja. Tafuta herufi C, alama ya tairi la gari la kazi, kisha usome namba ya uzito ya kwanza, kabla ya mkwaju, maana ya pili ni ya magari yanayofungwa matairi mawili mawili nyuma.

Wapo wanaopunguza upepo jua likiwaka ili tairi lisipasuke. Kwa kufanya hivyo wanaliua, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi ubavuni na kuzidi kupata joto. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, na ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Ukiwa na fedha ya matairi mapya mawili tu, yafunge nyuma, si mbele kama wengi wanavyotaka. Nyuma ikiteleza kwenye maji, kama inavyotokea masika kwenye barabara ya Mingoyo, gari hugeuka ubavu na usukani hausaidii kitu.