Mtoto akijua kusoma bado anakuhitaji

Watu wengi wanaamini mtoto akishajua kusoma mwenyewe basi kazi ya mzazi imeisha, eti ukiendelea kusoma naye riwaya unamdekeza na atakuwa mvivu. Hapana jamani, sio kweli kabisa. Kusoma kuna mambo mawili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuelewa lugha yenyewe, watafiti wa usomaji Gough na Tunmer walishaeleza hili tangu 1986, na mtoto wa miaka 8 hivi kwa kawaida anaelewa kwa kusikiliza hadithi ngumu kuliko anazoweza kusoma peke yake. Sasa ukimwachia kila kitu anabaki kwenye vitabu vyepesi tu wakati akili yake inataka makubwa zaidi.

Na si lazima usome wewe muda wote, pokezaneni, yeye ukurasa wewe ukurasa, au kila mtu asome kivyake halafu mnakutana jioni kuongelea sura ile. Ila msimgeuzie mtihani! Badala ya "mhusika mkuu ni nani?" muulize "hivi ungekuwa wewe pale, ungemwambia mama ukweli?" uone atakavyobishana.