Spika pasivu na spika aktivu: ipi inataka umeme darini?

Hela ya korosho ikishaingia huku kwetu Mtwara utaona watu wanamalizia nyumba, jipsamu inapigwa, taa zinazamishwa, na siku hizi wengi hawataki tena sabufa ikae chini sebuleni watoto waichezee, wanataka spika ziwe darini mziki ushuke kutoka juu. Ni kitu kizuri, mi mwenyewe nakipenda sana. Shida inaanza fundi akiuliza "umeme wa spika nipitishe wapi?" na mwenye nyumba anajibu pitisha juu, hapo hakuna hata mmoja aliyeangalia spika zenyewe ni za aina gani.

Spika pasivu ni spika tupu. Ndani ina sumaku, koili na ile karatasi inayotikisika, basi, haina amplifaya wala haichomekwi popote. Inachopokea ni sauti iliyokwisha kukuzwa na amplifaya iliyokaa chini kwenye kabati la tivii, inapanda kwa waya mwembamba wa nyuzi mbili, kwa hiyo ule umeme wa volti 230 unaishia kwenye amplifaya na juu hautakiwi ufike kabisa. Spika aktivu ina amplifaya yake humo humo ndani, zile za darini za Bluetooth nyingi ziko hivi, na hii ndo inataka umeme wake kule juu. Halafu kuna zinazouzwa mbili mbili, moja aktivu inakula umeme na inamlisha mwenzie pasivu kwa waya wa spika, kwa hiyo hapo umeme unapeleka sehemu moja tu.

Kuzijua ni rahisi, igeuze uone mgongoni. Ukikuta vibanio viwili tu, chekundu na cheusi, hiyo pasivu. Ukikuta waya wenye plagi au tundu la adapta, hiyo aktivu.

Shemeji yangu yuko Naliendele, fundi wake alitindua ukuta akapandisha waya wa umeme wa 2.5 (unene wa milimita mraba 2.5) akafunga soketi nne juu ya jipsamu, kila kona moja. Spika zikaja kutoka Dar, zote zina vibanio viwili viwili. Nimefika pale nakuta fundi kashika plagi, kashamenya waya, anataka aunge moja kwa moja kwenye chekundu na cheusi, nikamshika mkono. Jamani, volti 230 kwenye koili ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni zaidi ya wati elfu sita, na ile spika ya wati 40! Inaungua hapo hapo, na darini kuna mbao, moto unaanza mahali usipoona mtu.

Sasa ukiwa na pasivu, vuta waya wa spika, wa 1.5 unatosha nyumba za kawaida, na uupe paipu yake peke yake. Ukilala pamoja na waya wa umeme unaweza kusikia mvumo kwenye spika, lakini kubwa zaidi panya akitafuna hapo zikagusana, umeme unashuka mpaka kwenye vibanio vya amplifaya ambavyo mtoto anashika. Ikibidi zipishane, zikatize kama msalaba. Na soma mgongo wa amplifaya inakubali omu ngapi, maana spika nne za omu 8 ukizifunga zote sambamba, yaani vyekundu vyote pamoja na vyeusi vyote pamoja, inabaki omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi, zinachemka.

Ukiwa na aktivu, laini itoke kwenye njia ya soketi na ipitie swichi yenye fyuzi hapo ukutani chini, ampea 3 zinatosha, ili siku ikileta shida uzime bila kupanda ngazi, na ule waya wa kijani na njano, yaani wa ethi, usiachwe. Wengine wanachukua kwenye taa baada ya swichi, matokeo yake ukizima taa na mziki unakata. Adapta usiifukie juu ya jipsamu, saa saba mchana chini ya bati huko juu ni tanuri. Na kwa walioko Shangani au Mikindani karibu na maji, viungio vikae ndani ya boksi, usisokote waya na kufunga gundi tu, chumvi inakula shaba. Fundi awe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, muombe akuonyeshe, siyo kumdharau.

Kabla jipsamu haijafungwa piga picha waya zote kwa simu. Shemeji hakupiga, ndo maana kuzifuata zile soketi tulitoboa dari mara mbili. Tatu tumezitoa mpaka kwenye breka, ya nne kaibakiza kwa ajili ya kamera ya mlangoni.