Je, wajua kwa nini jiwe la nyumba ya kale hurudi ukutani, na tofali la leo huishia kuwa kifusi?

Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, fundi mwenye tindo na subira huweza kulitoa jiwe ukutani likiwa zima. Hulikung'uta, akaliweka pembeni, na kesho likajengewa tena. Sasa jaribu hivyo hivyo kwenye ukuta wa tofali za saruji. Piga nyundo, uone: tofali hupasuka katikati, na ule mstari wa mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea hubaki umeng'ang'ania pande zote mbili.

Siri haiko kwenye jiwe wala tofali. Iko kwenye kinachoviunganisha.

Wajenzi wa mwambao, kuanzia Kilwa hadi Lamu, walijenga kwa mawe ya matumbawe, na mawe ya aina hiyo hiyo wakayachoma kupata chokaa. Jiwe likifikia joto la nyuzi 900 hivi, hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Kinachobaki kikimwagiwa maji hutokota na kuvimba, kisha huchanganywa na mchanga au udongo mwekundu. Kikishakuwa ukutani, taratibu mno, hufyonza tena hewa ile ile na kugeuka kuwa mawe. Lakini huwa laini kuliko jiwe lenyewe. Kwa hiyo ukuta ukisukumwa au ukibomolewa, penye kuachia ni kwenye chokaa, na jiwe linapona. Boriti za mikoko zilizobeba dari nazo hushuka nzima zikiwa hazijaliwa na mchwa. Na milango ya nakshi, huo ni utajiri: mlango mmoja huweza kuhama kutoka nyumba hadi nyumba.

Saruji ni habari nyingine. Huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na ikikutana na maji hujenga fuwele zinazoshikana mithili ya vidole vilivyofumbatana. Tofali letu la kawaida nalo ni mchanga na saruji, na mara nyingi mfyatuaji amebana saruji ilhali fundi wa kujenga hakubana. Hapo kiungo kinakuwa na nguvu kuliko tofali. Utalitoaje zima?

Na usidhani ukilisaga zege la zamani utapata saruji. Yale maji yameshaingia ndani ya maumbile yake, na kusaga hakuyatoi. Ni moto tu. Kifusi kinafaa sana kujazia msingi na kushindilia njia, na kikipondwa vizuri huwa kokoto. Ila kokoto hizo zimegandwa na saruji kuukuu yenye vitundu, hunywa maji mengi kuliko kokoto za mwambani, na anayekoroga zege bila kulijua hilo hupata zege dhaifu.

Nondo ndizo zenye bahati. Chuma huyeyushwa kikawa chuma kipya, tena na tena, ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu hufika kabla vumbi halijatulia. Lakini nondo iliyokunjwa ikanyooshwa kwa nyundo isirudi kwenye nguzo au jamvi la ghorofa: imepungukiwa na ule uwezo wa kupinda bila kukatika, na humo ndani kuna watu watalala. Ipeleke kwenye tanuru. Na mabati ya asbesto yasivunjwe wala kukatwa kwa msumeno. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani.

Jambo lililonifurahisha zaidi linatoka Uingereza. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba saruji kuukuu ikitenganishwa na kokoto, inaweza kutiwa kwenye tanuru la umeme linaloyeyusha chuma chakavu, mahali pa chokaa ambayo kwa kawaida huwekwa humo kusafisha chuma. Takataka inayoelea juu, ikipozwa haraka na kusagwa, inakuwa saruji tena. Nondo na zege, vilivyozikwa pamoja, vinafufuka katika moto mmoja.

Kwa sasa, anayejenga ukuta wa kugawa vyumba tu, usiobeba ghorofa, anaweza kumwomba fundi achanganye saruji ndoo moja, chokaa ndoo moja na mchanga ndoo sita. Ukuta utasimama vizuri, na siku mwanawe akitaka kuuhamisha, huenda tofali nyingi zikatoka nzima.