DPI ya kipanya ni nini hasa?

Chukua boksi la kipanya cha gemu (au mausi, kama wengi tunavyosema) na kitu cha kwanza utakachokiona kwa maandishi makubwa ni DPI: 6,400, 12,000, hata 25,600. Muuzaji naye atakwambia chenye namba kubwa ndicho kikali. Si kweli.

DPI ni idadi ya nukta kwa kila inchi. Geuza kipanya, utaona tundu dogo. Humo ndani mna kihisi, yaani kijikamera kinachopiga picha za meza maelfu ya mara kwa sekunde na kuzilinganisha ili kijue mkono umekwenda upande gani na umbali gani. Kipanya cha DPI 800 kikisogea inchi moja, ambayo ni sentimita 2.54, kinairipotia kompyuta hatua 800. Kwenye Windows, kama kasi ya kishale ipo katikati na kile kipengele kinachobadilisha kasi ya kishale kulingana na mwendo wa mkono (Enhance pointer precision) kimezimwa, kila hatua moja ni pikseli moja, yaani nukta moja ya skrini.

Sasa piga hesabu. Skrini ya kawaida ina upana wa pikseli 1,920. Kwa DPI 800, kishale kitatoka ukingo hadi ukingo mkono ukisogea kama sentimita 6. Kwa 1,600, sentimita 3. Kwa 25,600 hazifiki hata milimita 2! Mkono ukitetemeka kidogo tu, kishale kimeshahama. Nani atalenga adui wa mbali namna hiyo? Ndiyo maana wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike, gemu ya kufyatuliana risasi, wako kwenye 400 au 800, kiwango ambacho hata kipanya cha ofisini hakishindwi.

Tena DPI peke yake haisemi kitu. Ndani ya gemu kuna mpangilio wa wepesi (sensitivity), na viwili hivi huzidishwa: DPI 400 kwa wepesi 2 ni sawasawa na 800 kwa wepesi 1. Jibu lake ndilo wachezaji huliita eDPI. Ila usiibebe namba hiyo kutoka gemu moja hadi nyingine, kwa sababu wepesi 1 wa Counter-Strike si wepesi 1 wa Valorant, gemu nyingine ya risasi.

Basi ukienda dukani uangalie nini? Umbo kwanza. Anayelaza kiganja chote juu ya kipanya anahitaji chenye mgongo, na anayekishika kwa ncha za vidole atafurahia kidogo na chepesi. Kishike kabla ya kulipa, na muuzaji akinuna, mwache anune. Halafu ulizia jina la kihisi. Vipanya vingine vya bei ya chini hutangaza DPI ambayo kihisi chenyewe hakiifikii: programu inazidisha tu hatua zilezile, na kishale kinakwenda kwa kurukaruka. Kuna pia kasi ya kuripoti. Hezi 125 ni ripoti moja kila milisekunde 8, na hezi 1,000 ni kila milisekunde 1. Taa za rangi ni pambo.

Siku kishale kikianza kuruka au kukwama, usikimbilie mipangilio ya DPI. Mara nyingi ni unywele au vumbi kwenye lile tundu. Chomoa waya au zima kipanya, puliza, kisha pitisha kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo, kisichotiririka. Zile nyayo laini za chini nazo hukusanya uchafu wa jasho na vumbi hadi kipanya kikawa kizito kusukuma. Zifute, na zikilika, zibandue ubandike mpya. Meza ya kioo huwachanganya vihisi vingi, hivyo tandika pedi, na pedi ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikauke kabisa kabla ya kutumika.

Ukibofya mara moja kikasoma mara mbili, hapo usafi hausaidii sana: swichi ndogo chini ya kitufe imechoka. Fundi mwenye chuma cha kulehemia anaweza kuibadilisha, ila muulize bei kwanza, maana kwa kipanya cha bei ya chini ufundi unaweza kukaribia bei ya kipya.